Kisima kimeingia petroli: namna ya kufuatilia na kusafisha maji ya chini ya ardhi kabla hujamwaga hela

Kisima kikianza kunuka petroli, wengi wanachofanya ni kukichota chota mpaka maji yaonekane meupe, harufu ikipungua wanarudi kupikia na kunywa, na hapo ndo hatari inapoanzia kwa sababu pua haipimi benzini. Benzini imo ndani ya petroli na ndiyo inayosababisha saratani ya damu. Shirika la Afya Duniani limeweka mwisho wake kwenye maji ya kunywa mikrogramu 10 kwa lita, sasa mtu anaanza kuisikia kwenye ulimi ikishafika kama miligramu 0.5 kwa lita, yaani mara 50 ya kiwango, na harufu inakuja baadaye zaidi ya hapo. Kwahiyo maji yanaweza yasinuke kabisa na bado hayafai hata kuoshea mchicha.

Hebu piga hesabu na mimi kidogo. Lita 1 ya petroli ina uzito wa kama gramu 740. Chukulia benzini ni asilimia 1 tu, hiyo ni gramu 7.4, gawanya kwa mikrogramu 10 kwa kila lita unapata lita 740,000. Lita moja iliyovuja inatosha kuvusha kiwango maji ya matenki 74 ya lita elfu kumi kumi. Ukiielewa hesabu hii utaelewa kwanini nasisitiza kupima kuliko kitu kingine chochote.

Na kuchemsha kunadanganya watu sana. Benzini inapaa kweli ukichemsha, lakini inapaa humo humo jikoni mnaivuta nyie, na huna njia ya kujua imebaki kiasi gani kwenye sufuria. Vidonge vya klorini vinaua vijidudu, petroli haiguswi. Shabu inatuliza tope basi. Na tafadhali msimwage sabuni kisimani "kuyaosha" mafuta, sabuni inayachanganya na maji yanakuwa magumu zaidi kuyatoa.

Siku ya kwanza

Acheni kutumia maji, nyie na majirani wote wa karibu, hata ambao visima vyao havijanuka. Zima pampu ya umeme kwenye kisima chenye harufu, usiiwashe "kujaribu", cheche moja inatosha, mvuke wa petroli ukifika kama asilimia 1.4 ya hewa unaweza kulipuka. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, unakaa chini kwenye shimo, kwahiyo MTU ASISHUKE KISIMANI, hata fundi mwenye miaka ishirini kwenye kazi, hata kwa dakika mbili tu kuangalia. Akizimia humo na wa pili akashuka kumuokoa mnazika wawili.

Kisha toeni taarifa kwa maandishi na mbaki na nakala iliyogongwa muhuri. Tanzania ni NEMC (baraza la mazingira), ofisi ya bonde la maji la eneo lenu na EWURA (wasimamizi wa nishati na maji), Kenya ni NEMA (mamlaka ya mazingira), WRA (mamlaka ya rasilimali za maji) na EPRA (wasimamizi wa nishati na mafuta). Sheria ya mazingira ya Tanzania ya 2004 na ile ya Kenya ya 1999 zote zinasimamia kanuni kwamba aliyechafua ndiye anayelipa, kwahiyo msikubali kuanza kuchangishana kabla chanzo hakijajulikana. Ombeni maji mbadala kuanzia siku hiyo hiyo.

Chanzo

Hakuna kusafisha kama bado inavuja. Naona watu wanafunga mitambo ya bei kubwa wakati tenki liko pale pale linadondosha kila siku, hiyo ni hela imetupwa.

Kwenye sheli anza na vitabu vya dipu, ile fimbo ya kupimia kina cha mafuta kwenye tenki. Kila asubuhi mtu anapiga dipu kwenye tenki, anaandika, na pampu zina mita ya mauzo, sasa chukua mafuta yaliyokuwepo, jumlisha yaliyoshushwa, toa yaliyouzwa, linganisha na dipu. Tofauti ndogo ni kawaida kwa sababu petroli inatanuka ikipata joto, karibu asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Marekani kanuni yao ni kwamba tofauti ya mwezi ikizidi asilimia 1 ya mafuta yaliyopita pamoja na galoni 130, kama lita 492, hapo kuna walakini. Sheli inayouza lita 100,000 kwa mwezi mstari wake ni kama lita 1,490. Angalia vizuri namba hiyo: uvujaji wa lita 30 kwa siku unaweza kujificha chini ya mstari huo mwaka mzima bila mtu kushtuka. Ndo maana vitabu peke yake havitoshi, tenki na mabomba yapimwe kwa presha na visima vya uangalizi, yaani vya kupimia tu siyo vya kunywa, viwepo. Na msiangalie tenki tu, maungio ya mabomba na sehemu ya kushushia mafuta navyo vinavuja sana.

Kama chanzo ni bomba kubwa la kusafirisha mafuta, mambo ni mazito zaidi. Thange kule Makueni, Kenya, bomba la Mombasa–Nairobi lililoanza kazi 1978 lilivuja 2015, mafuta yakaingia mto na visima, na watu wakabaki wanaishi juu ya ardhi yenye mafuta miaka mingi baadaye. Pale Ogale, Ogoniland, Nigeria, ripoti ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, ya 2011 ilikuta tabaka la mafuta yaliyosafishwa la sentimita 8 linaelea juu ya maji ya ardhini, na watu walikuwa wanakunywa visima vyenye benzini zaidi ya mara 900 ya kiwango. Mara 900! Sehemu zote mbili wenyeji walilalamika mapema, kilichokosekana ni vipimo mikononi mwao wenyewe.

Visima vya uangalizi

Petroli na dizeli ni nyepesi kuliko maji, kwahiyo zinashuka kwenye udongo mpaka zikutane na maji, zinaelea kama mafuta juu ya mchuzi, halafu kidogo kidogo sehemu yake inayeyuka na kusafiri na maji. Una vitu vitatu vya kufuatilia: mafuta yaliyonasa kwenye udongo, mafuta yanayoelea, na yaliyoyeyuka. Kila kimoja kina tiba yake, ukichanganya unapoteza muda.

Chimba visima visivyopungua vitatu na visiwe kwenye mstari mmoja, viwe pembetatu, kimoja kiwe upande unaodhani maji yanatokea, na kingine kiwe kati ya chanzo na kisima cha kunywa cha jirani, hicho ndo mlinzi wako. Bomba la PVC la inchi 2 linatosha. Skrini, yaani ile sehemu yenye nyufa, ni lazima ipite usawa wa maji wa masika na wa kiangazi, kama mita 1 juu ya maji yanapofika masika na mita 2 chini ya yanapofika kiangazi. Skrini ikiwa yote iko chini ya maji, mafuta yanayoelea hayataingia kamwe, utapima utaambiwa safi na majirani wanaumia. Hili kosa ni la kawaida mno, msimamie mchimbaji mwenyewe. Usitumie gundi ya PVC, ina kemikali zake zitatokea maabara, tumia mabomba ya kukaza kwa nyuzi. Zungushia mchanga mkavu safi, juu yake bentonaiti, ule mfinyanzi unaovimba ukilowa na kuziba, juu kabisa saruji na kifuniko chenye kufuli. Na ukikutana na tabaka la mfinyanzi simama, usilitoboe, maana huenda ndilo linazuia uchafu usishuke kwenye maji ya chini yaliyo safi.

Watu wa Mombasa, Unguja na sehemu za Dar zenye mawe ya matumbawe muwe makini zaidi. Mawe yale yana mashimo na mifereji, maji hayapiti taratibu kama kwenye mchanga, yanaweza kukimbia upande usiotarajia, kwahiyo ongezeni visima na msiamini mahesabu ya mchanga niliyoweka hapa chini.

Maji yanaelekea wapi

Vilele vya mabomba yote vipimwe levo. Kama hamna vifaa vya sorveya, ule mpira mwembamba wa maji ambao mafundi ujenzi wanapigia levo unafanya kazi nzuri tu ukiwa mvumilivu. Tuseme kilele cha kisima A tumekipa mita 100.00, B ni 99.60 na C ni 99.90. Kina cha maji kutoka kwenye kilele ni 6.20, 6.10 na 6.25. Toa: A 93.80, B 93.50, C 93.65. C iko katikati kabisa ya A na B kwa levo, kwahiyo kwenye ramani chora mstari kutoka C mpaka katikati ya A na B, huo ni mstari wa maji yenye levo sawa, na maji yanaukata kwa pembe mraba kuelekea upande wa B. Kama C iko umbali sawa kutoka A na B basi maji yanaelekea moja kwa moja A kwenda B, na kama A na B wametengana mita 30 mteremko ni 0.30 gawanya 30, sawa na 0.01. Mchanga unaopitisha mita 5 kwa siku wenye nafasi wazi asilimia 25 kati ya chembe zake utakupa 5 mara 0.01 gawanya 0.25, yaani mita 0.2 kwa siku, kama mita 73 kwa mwaka. Benzini yenyewe inaenda polepole zaidi kidogo kwa sababu udongo unaishika na bakteria wanaila, lakini sasa una picha: jirani wa mita 60 upande wa B ana haki ya kujua leo.

Rudia kupima levo kila mwezi. Mwelekeo unaweza kubadilika masika, na pampu kubwa ya mtu mmoja inaweza kuvuta mkia wote wa uchafu, yaani maji yaliyochafuka yanayosambaa kutoka kwenye chanzo, kuelekea kwake.

Unene wa mafuta kwenye kisima unaupata kwa mita ya kamba yenye sensa inayolia sauti tofauti kwenye mafuta na kwenye maji. Hiyo ni ghali, lakini zile pesti ambazo watu wa sheli wanapaka kwenye dipu, moja ya kuonyesha maji na nyingine ya kuonyesha petroli, ukizipaka kwenye tepu yenye uzito utapata namba mbili zinazofaa, ila tepu hiyo isiingie kisima cha kunywa hata siku moja. Au shusha beila ya plastiki inayoona, kale kadumu kembamba kenye kigololi chini, ishushe taratibu mpaka ikate uso wa maji, ipandishe bila kuitikisa, ishike kwenye mwanga. Utaona mstari kabisa, juu mafuta ya njano njano au yenye rangi ya chai, chini maji. Weka rula, piga picha, andika tarehe. Mfano mafuta yameanza mita 6.10 na maji mita 6.50, unene ni 0.40, na kwa sababu mafuta yanayakandamiza maji kushuka unarekebisha: 6.50 toa 0.40 mara 0.74 ambayo ni uzito wa petroli ukilinganisha na maji, unapata 6.20, hicho ndo kina cha kweli cha kutumia kwenye ramani. Na unene wa kwenye bomba kwa kawaida ni mkubwa kuliko ulio ardhini, usiutumie kukadiria lita zilizovuja.

Kuchukua sampuli

Hapa watu wanaharibu kazi nzuri yote. Asubuhi hiyo usijaze mafuta gari, paki upande ambao upepo unatoka kwako kwenda kwenye gari, jenereta la petroli weka mbali, glavu mpya kila kisima. Anza na kisima kisafi malizia na kichafu. Kama kuna mafuta yanaelea usichukue sampuli ya maji humo, andika unene tu, majibu yake hayana maana.

Maji yaliyokaa kwenye bomba siyo maji ya ardhini, yatoe kwanza. Kwa pampu ndogo vuta polepole, mililita 100 mpaka 500 kwa dakika, huku ukisoma pH, chumvichumvi na oksijeni, mpaka vipimo vitatu mfululizo vifanane, pH tofauti isizidi 0.1, chumvichumvi asilimia 3, oksijeni asilimia 10. Huna pampu, chota kwa beila ujazo mara tatu: bomba la inchi 2 linabeba kama lita 2 kwa kila mita, kwahiyo maji ya mita 4 ni lita 8, chota lita 24, uziweke kwenye pipa siyo kumwaga chini.

Chupa ni za kioo za mililita 40 na maabara huwa wameshaweka matone ya asidi ndani, usizisuuze. Jaza taratibu maji yateleze ukutani mwa chupa bila kutoa povu, mpaka maji yafanye kakilima juu ya mdomo, funga, igeuze kichwa chini, igonge kwa kidole, angalia. Ukiona kiputo cha hewa chukua chupa mpya uanze upya, maana benzini inakimbilia kwenye kile kiputo na majibu yanashuka. Weka kwenye boksi lenye barafu, karibu nyuzi 4, maabara ipime ndani ya siku 14, kama hazina asidi ni siku 7. Chukua sampuli pacha moja kwa kila kumi, na chupa moja ya maji safi isafiri na zingine kwenda na kurudi bila kufunguliwa, ikikutwa na benzini ujue tatizo liko kwenye boksi lako.

Kabla ya kulipa waulize maabara swali moja: kiwango chenu cha chini kabisa mnachoweza kuona ni ngapi? Kama wanaona kuanzia mikrogramu 100 kwa lita, neno "haikuonekana" kwenye karatasi yao halikulindi, tafuta maabara inayoona chini ya 10. Omba benzini, toluini, ethilibenzini na zailini, pamoja na jumla ya mafuta. Na kama anayeshukiwa ndiye anayechukua sampuli, dai pacha yako uipeleke maabara nyingine.

Mara ngapi? Kila miezi mitatu kwa miaka miwili ya mwanzo, ili mpate masika mbili na kiangazi mbili. Maji yakipanda yanayafunika mafuta, unene unapotea, watu wanashangilia, maji yakishuka yanarudi.

Kusafisha sasa

Mafuta yanayoelea kwanza. Kwa beila, kwa vitambaa vya kunyonya mafuta, au kwa skima, hiyo pampu inayovuta tabaka la juu tu. Yatoe, subiri, pima yanarudi kwa kasi gani, hiyo kasi ndo inakwambia kama ununue mtambo au mkono unatosha. Yanayotoka yaende kwenye mapipa yenye lebo kwa mtu mwenye kibali cha taka hatarishi, yasiuzwe kwa bodaboda.

Udongo ulionasa karibu na tenki uchimbwe kama unafikika. Udongo wa dizeli unaweza kutandazwa juu ya turubai nene, ukageuzwa, ukawekwa mbolea na maji kidogo bakteria waufanyie kazi, mbali na nyumba, mvua isiuguse. Udongo ambao huwezi kuuchimba na una petroli, vuta hewa yake kwa feni kupitia mabomba yaliyo juu ya maji, mvuke upite kwenye mkaa maalum wa kuchujia. Kwa dizeli kuvuta hivyo kunasaidia kidogo tu kwa sababu haipai kirahisi, faida yake ni ile oksijeni inayoingia. Kupuliza hewa chini ya maji kunafanya kazi vizuri kwenye mchanga, lakini kupuliza bila kuvuta ni kusukuma mvuke kwenye vyumba vya watu, ukatae.

Pampu ya kuvuta maji na kuyachuja kwenye mkaa mimi naiona ni ya kuzuia, siyo ya kumaliza. Inashika mkia usifike kisima cha jirani, na kwa hilo ni nzuri sana, lakini mafuta yaliyonasa yanaendelea kuyeyuka miaka na miaka. Tegemea pia tope la kutu: maji yenye mafuta yana chuma nyingi, yakigusa hewa chuma inaganda na kuziba mitambo, kwahiyo weka tenki la kutulia kabla ya mkaa. Mkaa nao unajaa, pima maji kati ya chujio la kwanza na la pili, benzini ikionekana pale badilisha.

Halafu kuna bakteria, na nawaomba msiwadharau. Bemidji, Minnesota, tarehe 20 Agosti 1979 bomba lilipasuka likamwaga kama lita milioni 1.7 za mafuta ghafi, baada ya usafishaji zikabaki ardhini kama lita 400,000, na tangu 1983 wanasayansi wa serikali ya Marekani wanapima pale pale. Walichoona ni kwamba bakteria wa ardhini wanakula benzini, wanamaliza oksijeni kwanza, kisha wanatumia naitreti, chuma, salfeti, mpaka wanatoa metheni, na mkia wa uchafu ukasafiri umbali mdogo kuliko maji yenyewe. Shida ni oksijeni: kila gramu ya benzini inataka kama gramu 3 za oksijeni, na maji yana miligramu 8 kwa lita yakiwa na bahati, kwahiyo yanamudu kama miligramu 2.6 tu. Ndo maana kuongeza oksijeni kunaharakisha. Ila mtu akikwambia "asili itasafisha yenyewe" mwambie alete namba: oksijeni iko chini ndani ya mkia na juu nje yake, salfeti imeshuka, chuma na metheni zimepanda, na benzini inashuka kwenye visima vyote kwa miaka. Bila hizo namba anakukwepa. Na kama petroli ilikuwa na MTBE, kemikali inayochanganywa kwenye petroli iungue vizuri, hesabu ni nyingine, hiyo inayeyuka sana na bakteria wanaikawiza, mji wa Santa Monica, California ulifunga visima vyake vingi 1996 kwa sababu yake.

Mitambo ikifikisha majibu chini ya kiwango usiing'oe. Izime, acha vifaa pale pale, endelea kuchukua sampuli mwaka mzima masika na kiangazi, kwa sababu mara nyingi benzini inapanda tena pampu ikizimwa, uchafu uliojificha kwenye mfinyanzi unatoka taratibu. Ikipanda washa tena. Ikikaa chini mwaka mzima kwenye kisima cha mlinzi na kwenye visima vya kunywa, hapo majirani wanaweza kurudi, wakiwa na karatasi ya maabara ya kisima cha kila mmoja.

Visima vya uangalizi ambavyo havitumiki tena vijazeni saruji na bentonaiti kutoka chini kwenda juu, msiviache wazi na msivijaze kifusi, maana bomba lililoachwa ni njia ya moja kwa moja ya mafuta mengine yakivuja kesho.